Siku Ibra Iliposahau Kiswahili

Damu haifuliwi kwa maji ya moto. Hilo nililijulia Ibra. Unguja nguo zetu zilikuwa zikichafuka kwa utomvu wa mabibo, basi. Ibra nilikuwa nakaa ukingoni mwa falaji, ule mfereji unaoleta maji ya mji kutoka milimani, nasugua jezi za kaka yangu, na maji yanateremka mekundu mpaka wanawake waliokuwa wakiosha vyombo chini yangu wanapiga kelele: "We Zinjibari, kaka yako kamchinja nani leo?" Nami nikiwajibu: "Kamchinja mumeo, nenda kamtizame." Wao walicheka. Mimi nilikuwa nimekasirika kweli.

Tulifika Ibra, huku Oman, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mama, kaka na mimi. Baba tulimwacha chini ya udongo wa Unguja. Siku zile za mapinduzi waliingia nyumbani na mapanga, na kaka yangu alikuwa nyuma ya mlango, akaona yote. Hakupata kunihadithia alichokiona. Lakini tokea siku ile mtu akimgusa kwa nyuma, hata kwa salamu, yeye hugeuka na ngumi. Sote nyumbani tulijua, ukimtaka kaka unazunguka unamjia mbele.

Ibra ndiko alikozaliwa babu yetu. Tulidhani tunarudi kwetu. Loh! Watu wa kwetu wenyewe wakatusikiliza tukisema Kiarabu chetu cha kuchechemea, wakatutizama juu mpaka chini, wakatupa jina: Wazinjibari. Unguja tulifukuzwa kwa kuwa ni Waarabu, Ibra tukaitwa Wazinjibari. Sasa sisi ni watu wa wapi, wa mawinguni?

Mama alikuwa akisema mtu ni watu. Asiye na watu wa kusimama naye akipatwa na jambo, alisema, ni sawa na paka wa sokoni, kila apitaye humpiga teke. Kaka yangu alitaka watu. Hiyo ndiyo shida yake yote na ndiyo hadithi yangu yote. Alitaka siku akianguka, Ibra imwinue na kusema huyu wetu. Na kwa kuwa hakuwa na mali wala Kiarabu cha kusimama nacho mbele za wazee, alikwenda kuwatafuta watu hao kwenye mpira.

Uwanja wetu ulikuwa changarawe tupu kando ya wadi, ule mto mkavu, mistari imechorwa kwa oili chafu ya magari. Ukianguka pale unaacha ngozi. Kaka alikuwa beki, mrefu, mifupa mitupu, na viwiko vyake vilizijua pua za watu kuliko wenyewe walivyozijua. Siku walipokuja watu wa Bidiya, mji wa jirani, walikuwa na mshambuliaji mmoja mwepesi, anapita kama hajapita. Kaka alimwachia mara ya kwanza. Mara ya pili akamtia kiwiko cha mdomo, na meno ya mbele yakamwagika kwenye changarawe. Mpira ukasimamishwa, watu wakainama kutafuta meno.

Niliyaona haya kwa macho yangu, ndani ya pikapu ya mume wangu. Wanawake hawakuwa wakikaa uwanjani, lakini ukiwa garini, buibui lako usoni na mdomo wako umefungwa, nani atakuteremsha? Nikaona watu wa Ibra wanamkimbilia kaka, wanamnyanyua mabegani. Siku ile hakuna aliyemwita Mzinjibari. Waliimba mwana wa mji, mwana wa mji. Naye anacheka juu ya vichwa vyao, damu ya mwenziwe imemwenea kifuani. Nikasema moyoni, basi tumekwisha, kishajua wanachokipenda kwake. Baada ya hapo nilifua damu kila wiki.

Mume wangu naye nimweleze mapema, maana atakuja kutufaa. Naye ni mzaliwa wa Unguja, mtaa wa pili na wetu. Alitangulia Ibra, akafungua duka la saruji na mbao, akafuga ndevu, akawa mwenyekiti wa timu. Nyumbani tulizungumza Kiswahili tangu alfajiri mpaka kulala. Akigombana na wateja kwa Kiarabu mchana kutwa, akirudi alikuwa akivua viatu na kusema, "Ah, hebu nipumzishe mdomo." Hata ndoto zake alikuwa akiota kwa Kiswahili, na mimi ndiye niliyekuwa nikizisikia.

Mwisho wa miaka hiyo ya sabini ikaja kampuni ya kutengeneza barabara, ikapiga kambi nje ya mji. Humo alikuwamo fundi mmoja wa mashine kubwa, mzungu mwekundu, hana shingo, pua imevunjika ikapona upande. Alianza kuja uwanjani jioni kutizama. Mume wangu akataka kumkaribisha kwa heshima, akamwita Mwingereza. Yule mtu akamkamata ukosi wa kanzu mbele ya halaiki ya watu. "Mimi si Mwingereza," akasema. "Mimi mtu wa Wales."

Wales ndo wapi? Kaka, ambaye alikuwa na Kiingereza cha skuli, ndiye aliyeelezwa. Ni nchi ndogo ya milima, mvua haikatiki, watu wanachimba makaa ya mawe chini ya ardhi, wana lugha yao wenyewe na wana hasira, na Waingereza wamewakalia kichwani. Kaka akaja kunihadithia, akamaliza hivi: "Kwa ufupi dada, hawa ni Wapemba wa Uingereza." Nilicheka mpaka nikaweka chini ungo. Tokea hapo tukamwita Mtu wa Wales, na alipofahamu kuwa tunalisema jina hilo sawasawa, alianza kuja nyumbani kwa mama kula wali.

Huyu alikuwa mchezaji wa kulipwa. Alizaliwa nyumba iliyo nyuma ya goli la timu ya mji wao. Aliichezea timu hiyo ujana wake wote, katikati ya uwanja, mkataji wa watu kama kaka yangu, na timu za matajiri zilipomtaka alikataa kuondoka. Goti lilipommaliza, mji ulimpigia bendi. Halafu wakampa timu aifundishe. Msimu wa mwanzo walipanda daraja, na kila akiingia mahali watu wakimnunulia pombe, astaghfirullah, ndivyo walivyo. Misimu iliyofuata wakaanza kushuka. Wenziwe wa skuli wakamvunjia madirisha. Mamake akatemewa mate dukani. Mkewe akachukua nguo zake. Yote hayo aliyavumilia, alisema, mpaka asubuhi moja alipokwenda kwa kinyozi aliyemkata nywele tangu mtoto, na kinyozi akakunja kitambaa chake akamwambia kiti hiki si chako tena. Mtu wa Wales akampiga ngumi kinyozi, wakatoka wote wawili kupitia kioo cha duka. Alikuwa na kovu kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Mwezi ule ule akatafuta kazi jangwani.

"Ukitaka kufundisha mpira," alimwambia kaka, "fundisha mji wa watu. Mji wa watu wakikuchoka, watakufukuza. Mji wako wakikuchoka, watasema hawakujui." Mama aliuliza anasema nini huyu, kaka akamwambia anasifu mchuzi. Mimi alinifasiria kweli baadaye, anacheka, na sikupenda alivyolipuuza neno lile.

Goti la kaka lilimalizikia Nizwa. Alikuwa keshamwangusha mtu wao mara mbili, wakamngojea. Walimjia wawili pamoja, mmoja juu mmoja chini, na goti likalia kama kuti kavu ukilikanyaga. Wakambeba juu ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, maana machela hapakuwa. Alitukana njia nzima mpaka hospitali, kwa lugha zote alizonazo. Mguu haukukunjika tena sawasawa. Alikuwa bado kijana, na nilimwona anavyolikodolea macho lile goti, si kwa ajili ya mpira. Alikuwa akijiuliza nani atamnyanyua mabegani sasa.

Basi timu ilipompa ukocha aliupokea kwa mikono miwili, na maneno ya Mtu wa Wales yakenda na maji. Mwenyewe Mtu wa Wales hakumkasirikia. Akaja akakaa naye kila jioni kando ya uwanja, juu ya makasha ya soda, wakipigiana kelele. Na ni yeye, masikini, bila ya kujua, aliyemtia kaka kwenye balaa. Alimhadithia kuwa wao wakienda kucheza kwa Waingereza, walikuwa wakipeana amri kwa lugha yao ya kwao, na Waingereza wanabaki kutoa macho.

Kaka akajipiga paja. "Sisi si tuna Kiswahili!"

Nusu ya vijana walikuwa watoto wa Unguja na bara. Wale waliozaliwa Ibra akawafundisha maneno ya lazima: kushoto, kulia, rudi, mbane, mvunje. Hilo la mwisho ndilo lililoshikwa upesi kuliko yote. Walikwenda Bahla, kaka anapiga mayowe kwa Kiswahili na mabeki wa Bahla wanatizamana, wakapigwa mabao kama wamelala. Walirudi Bidiya, vile vile. Ibra ikafurahi. Wazee waliokuwa wakituonea kinyaa kwa lugha yetu wakawa wanapita sokoni wanaambiana "rudi, rudi", wanacheka. Wale waliozaliwa Unguja na kuficha Kiswahili chao kama mtu anayeficha upele, wakakitoa hadharani. Mwezi ule nilitembea kichwa juu. Nasema kweli, nilifurahi.

Walipofungwa nyumbani mara moja tu, jiwe liliingia dirisha la jiko la mama likavunja mtungi. Kaka akatoka na nyundo, hakumwona mtu. Mtu wa Wales akaja asubuhi, akafagia vigae, akampiga kaka bega kwa mbele, kama alivyofundishwa.

Sasa ikaja mechi ya Sur, mji wa bandari huko pwani. Wasuri walikuwa kidonda chetu. Kabla ya safari mume wangu alimwita kaka kuja kula kwetu, na mimi ndiye niliyepakua. Akamwambia: "Ukishinda Sur, mimi mwenyewe nitasimama kwa wazee, upewe kiwanja ujenge. Utakuwa mtu wa Ibra, hakuna wa kukunyooshea kidole." Kaka aliacha kutafuna. Mume wangu akaongeza: "Lakini yule saba wao, mwenye jezi namba saba, yule mtoto, asimalize mpira. Umenifahamu?" Aliyasema hayo kwa Kiswahili, na wali mdomoni, na mimi nimesimama na sahani ya mchuzi juu ya vichwa vyao.

Kosa letu lilikuwa kosa la kijinga, na ni sisi tu tungeweza kulifanya. Nani Oman hajui kuwa Wasuri wameishi Unguja na Lamu kama chumba cha pili cha nyumba zao? Baba zao wakishinda misimu mizima kule, wengine wakaoa kule, wakarudi na wake na watoto. Mimi nilijua. Kaka alijua. Mume wangu alikuwa na shemeji huko. Lakini tulishazoea Bahla na Bidiya kuwa hatufahamiki, tukawa kama mtu anayeimba chooni akidhani nyumba nzima haina masikio.

Uwanja wa Sur ulijaa. Nilikaa garini nyuma ya benchi letu, mume wangu kwenye usukani. Mpira ukaanza, kaka akaanza: "Kushoto! Mbane! Rudi!" Kila akipiga kelele, Wasuri wanacheka. Alidhani wanamcheka kwa mguu wake, akazidi kupandwa. Na kila akisema kushoto, mabeki wa Sur wameshafika kushoto. Hata hapo hakushtuka. Hasira zikimpanda kaka yangu hafikiri, na yule saba, kijana mdogo mwembamba, alikuwa akiwapita vijana wetu mmoja mmoja kama anavuka njia. Bao likaingia. Mume wangu akateremsha kioo, akampigia kelele: "Unangoja nini we?"

Saba akapata mpira tena, akaja upande wetu. Kaka akasimama juu ya kasha, mishipa ya shingo imemtoka. "Mvunje! Mvunje huyo, mvunje mguu!"

Niliona kwa macho yangu. Yule kijana alikuwa anakimbia, mara akapunguza mwendo, akainua kichwa, akageuka akamtizama kaka. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeogopa. Sikujua ni uso wa nini. Beki wetu akamwingia na miguu miwili, na mimi humo garini nilisikia mfupa.

 Halafu mzee mmoja mstari wa mbele akasimama na bakora yake, akasema kwa Kiswahili safi kuliko changu: "Mwanaharamu mkubwa! Umesema avunjwe mtoto wetu, na tumekusikia sote!"

Wakaingia. Sijawahi kuona watu wakiingia namna ile, wazee kwa watoto, viatu mkononi, mawe, bakora, chupa. Kaka hakuweza kukimbia na goti lile. Walimwangusha juu ya makasha ya soda, na nilimwona akiuweka mkono kichwani na mtu akiukanyaga ule mkono, akiukanyaga tena. Mtu wa Wales alijirusha juu yao kichwa mbele, anapiga na kupigwa, anatukana kwa lugha ambayo siku hiyo kweli hakuna aliyeijua. Basi letu halikubaki na kioo. Na mume wangu, mwenyekiti wa timu, akatia gari moto.

"Unakwenda wapi?" nikamwambia. "Kaka yuko chini!"

 Nilimshika usukani, akanipiga kikumbo, nikamuuma mkono mpaka nikapata ladha ya damu. Aliendesha vivyo hivyo, mkono unamtiririka, mpaka tukatoka mjini. Kaka aliletwa na Mtu wa Wales kwa gari la kampuni, midomo imepasuka, vidole vya mkono wa kulia vimevunjika.

Baada ya siku kadhaa Wasuri wakaleta neno, tena la kiungwana. Mguu umevunjika, na amri imetoka mdomoni mwa kocha, watu wote wamesikia. Basi Ibra waje. Hivyo ndivyo ilivyo ada: mtu wenu akimuumiza mtu wa watu, hamumwachii akaenda peke yake. Wazee wanavaa majambia yao kiunoni, wanakwenda naye, wanaingia sabla ya waliodhulumiwa, ukumbi wao wa wageni, wanakaa. Kahawa inamiminwa, na wao wanaviweka vikombe chini, hawanywi. Mwenye nyumba anajua wana haja. Akisema kunyweni, amesamehe. Lakini mtu akenda bila ya watu, hana haki ya kikombe, na lolote litakalomfika mlangoni hakuna wa kuliuliza.

Wazee wa Ibra wakakutana sabla ya mtaa wetu. Mimi nilikaa upande wa pili wa dirisha, kwenye ua wa wanawake, sikio kwenye upenyo. Aliyefungua maneno akauliza kwa Kiarabu: "Huyu kocha kasema nini hasa huko Sur?"

 Mmoja akasema yeye hakufahamu, ile ni lugha yao. Wa pili akasema hakufahamu. Huyu wa pili alizaliwa Unguja, na alinunua mkate wa kumimina kwa mama kila Ijumaa na kubishana naye kwa Kiswahili juu ya iliki. Wa tatu naye, aliyekuwa akipita sokoni na "rudi, rudi", hakufahamu. Ibra nzima ilisahau Kiswahili mchana mmoja. Mwisho nikamsikia mume wangu. "Wallahi hata mimi sikufahamu alosema," akasema, na Kiarabu chake siku hiyo kilikuwa kimenyooka kweli. "Ma fahamt. Maneno ya kocha ni ya kocha." Wakakubaliana kuwapelekea Wasuri habari kuwa Ibra haihusiki na yule Mzinjibari.

Aliporudi nyumbani nilikuwa nimeshika birika la kahawa. Nilimrushia lote, na kahawa yake, likampata begani. Nikamwambia yote anayostahiki kuambiwa mwanamume, na mengine ya ziada. Alijipangusa. Kisha akalitoa jambia lake ukutani, lile alilokuwa akimwazima kaka siku za harusi kwa kuwa kaka hana la kwake, akalitia kashani akalifunga kwa ufunguo. Akatoka kwenda msikitini.

Nilikwenda kwa mama. Kaka alikuwa amekaa kizingitini, amevaa kanzu safi, kiuno kitupu, anatizama njia wanakotokea wazee. Alikuwa keshaambiwa. Alikuwa bado anangoja. Iliniuma, wallahi, iliniuma kuliko vidole vyake. Aliyetokea njia ile ni Mtu wa Wales na gari la kampuni.

"Twende," nikamwambia kaka. "Mimi ndo watu wako."

Njiani tukaanza kuisikia chumvi ya bahari kwenye hewa. Ndipo Mtu wa Wales akasema, na kaka akanifasiria kwa midomo yake iliyovimba: "Kwetu Waingereza hawakujifunza lugha yetu hata siku moja. Sikujua kuwa nyinyi majirani zenu wamejifunza." Kaka akasema wao hawakujifunza, wamezaliwa nayo. Hapo nikaona kuwa ndo kwanza jambo lile linamwingia.

Nyumba ya saba ilikuwa na vijana mlangoni na bakora. Kaka akasalimu. Baba wa kijana, mtu mzima wa makamo, akatoka, akatizama nyuma yetu, njia tupu. "Watu wako wako wapi?"

"Ndo hawa," kaka akasema.

Wakatutizama, mwanamke na mzungu aliyevimba jicho. Mmoja wa vijana akapita nyuma ya kaka, na mimi nikafumba macho, maana nilijua. Bakora ikalia mgongoni. Ikalia tena. Nikangoja kusikia ngumi. Nilipofumbua, kaka alikuwa amesimama vile vile, uso mbele, mikono chini, machozi yanamtoka na hageuki. Yule baba ndiye aliyesema basi, akamwacha apite.

Wanaume wakakaa sabla. Kahawa ikamiminwa, na kaka akakiweka kikombe chini kwa mkono wa kulia ule ule wenye vitambaa. Mimi nikapelekwa ndani, chumba cha pili, pazia tu katikati. Yule kijana alikuwa amelala kwenye godoro, mguu umefungwa plasta mpaka pajani. Pembeni yake mamake. Mwanamke wa rika la mama yangu, kanga imemkaa kama tunavyojitanda kwetu.

"Shikamoo," nikasema.

Hakuitikia. Yeyote aliyelelewa kwetu anajua hilo ni kofi. Akanambia: "Mtoto wa wapi?"

"Unguja. Vuga."

"Mimi Malindi, huko huko Unguja." Akaupapasa mguu wa mwanawe juu ya plasta. "Unajua kwa nini hakumwona mtu aliyemjia? Wenziwe wote wanamuuliza, mbona ulisimama. Mwenyewe kanambia mimi. Humu ndani ni mimi tu ninayemsemesha Kiswahili. Babake yuko na Kiarabu chake, skuli Kiarabu, uwanjani Kiarabu. Kasikia karibu yake sauti ya mwanamume inapiga kelele kwa Kiswahili, akageuka kutizama ni nani huyu wetu. Maneno hata hakuyashika, mwanangu. Aliishika lugha."

Nilijua basi ule uso ulikuwa wa nini.  Yeye akainuka, akafunua pazia, akaingia kwa wanaume bila ya kuomba ruhusa, akasimama juu ya kaka yangu akamwambia maneno yale yale, neno kwa neno. Kaka akainamisha kichwa. Yule mama akamtia kofi. Kofi la mama, la kumwinua kichwa. Kisha akainama akakiokota kikombe.

"Kisasi hulipwa na watu," akamwambia. "Wewe huna watu. Nitamlipiza nani? Kunywa."

Kaka akanyoosha mkono, vidole havikushika. Yule mama akamwekea kikombe mdomoni mwenyewe, akamnywesha mpaka kikaisha, na kahawa imechanganyika na damu ya mdomo. Nilipokuwa navaa viatu kutoka, alinijia mpaka mlangoni. "Marahaba," akasema, akafunga mlango.

Kaka hakuteremka Ibra. Tulipofika mjini aliniacha njia panda, akaenda na Mtu wa Wales kambini, na kambi ilipohama akahama nayo. Amefungua gereji Firq, karibu na Nizwa. Jioni anafundisha mpira watoto wa mji wa watu, kwa Kiarabu, na wanaomjua wanasema hapandishi sauti.

Mimi nilitembea mpaka nyumbani. Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni ananingoja, amevua viatu. Aliinuka akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chetu cha Unguja: "Wamesemaje huko?"

Nikautoa mkono wangu. "Ma fahamt," nikamwambia, nikapita ndani.